Reli ya Ngazi

Mashine ilimkataa mara ya nne.

"Bonyeza vizuri, mama. Unagusa kama unashika kaa la moto. Bonyeza!"

Bi Foronya alibonyeza. Kidole gumba chake kilikuwa cheupe na laini kama kipande cha sabuni iliyolowana, hakina mstari hata mmoja. Miaka ishirini na sita ya dawa ya kung'arishia mashuka ya hospitali ilikuwa imemfuta alama za vidole vyote kumi. Kioo kidogo kikawaka chekundu tena. Afisa mikopo akachomoa karatasi laini, akakipangusa kile kioo taratibu, kona hadi kona. Kisha akapangusa na kalamu ambayo Bi Foronya alikuwa ameishika.

"Basi utasaini. Kusaini unajua?"

"Najua."

"Na kusoma?"

"Kila siku nasoma majina ya wodi kwenye mashuka."

Afisa alicheka kwa pua. Pembeni yake alikaa mdogo wake Bi Foronya, msusi, aliyemsindikiza. Huyo hakucheka. Alimtazama afisa jinsi anavyomtazama mteja mwenye chawa.

Jina la Foronya alipewa na wauguzi. Mwaka wake wa tatu kazini alikataa kutia saini daftari la stoo kwa kuwa foronya moja haikuonekana, akamsimamisha mkuu wa wauguzi mlangoni saa nzima mpaka ikapatikana chini ya kitanda. Tangu siku hiyo wakamwita hivyo, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Sasa alikuwa anastaafu. Chumba alichokaa nyuma ya tanuri la mvuke kilikuwa cha hospitali, na hospitali ilishabandika tangazo mlangoni: wiki saba, atoke.

Nyumba ya kununua kwa mkopo alikuwa ameipata. Vyumba viwili na jiko, yote ya chini, bila ghorofa, bati jipya, nyuma ya mtaa wa mafundi magari. Ila huko mtindo ni mmoja: ufunguo hautoki bila arubuni. Unaishika nyumba kwa kuitazama dirishani, unalipa, ndipo unafunguliwa mlango. Bi Foronya alilipa. Alipofunguliwa mlango, hatua ya pili tu, pua yake ikamwambia. Chumba cha nyuma kilinuka shuka lililokunjwa likiwa bichi. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya ya krimu, na kabati kubwa la mbao lilikuwa limesukumwa likauegemea kama mlevi.

"Ukuta huu una maji," alimwambia mwenye nyumba.

"Harufu ya rangi hiyo, mama. Hamjazoea vitu vipya."

Mkataba ulisema arubuni itarudi kwa sababu moja tu: mkaguzi wa majengo anayetambuliwa na benki aandike kwamba ameona kasoro kubwa. Ndiyo maana alikuwa pale, mbele ya afisa, kuchagua ukaguzi.

Afisa alipanga karatasi tatu mezani kama anayecheza karata.

"Kuna wa kwanza, wa kati, na kamili. Wa kwanza ni wa chini."

"Huyo wa kwanza anaangalia nini?"

"Kama nyumba ipo."

"Na ikiwepo?"

"Basi ipo. Wa kati, mkaguzi anaingia ndani. Kamili anapanda darini, anaangalia msingi, anapima maji ukutani kwa kifaa. Watu wa aina yako huwa wanachukua wa kwanza."

"Dada," msusi alimnong'oneza kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "ya nini kumlipa mtu akanuse wakati umeshanusa? Pua yako haitoshi?"

"Pua yangu haina muhuri."

Akachagua kamili. Alichomoa fedha kutoka kwenye kitambaa alichofunga mafundo matatu, na afisa akazipokea bila kuzipangusa.

*

Mkaguzi alikuja saa mbili baada ya saa aliyosema, kavaa viatu vyeupe, simu imeganda sikioni. Alikuwa anabishana na mtu kuhusu keki ya harusi. Aliingia sebuleni akapiga picha. Akaingia jikoni akapiga picha. Darini alipatazama kwa kuinua kidevu.

Chumba cha nyuma alisimama mlangoni.

"Nyuma ya kabati," alisema Bi Foronya. "Hapo ndipo penye maji."

Mkaguzi alishusha simu kwa mara ya kwanza. "Wewe mhandisi?"

"Mimi dobi."

"Ahaa. Dobi." Alilitamka kama anayetema mbegu. "Na kabati la nani?"

"La mwenye nyumba."

"Basi si lako wala si langu. Sisi hatugusi samani za watu. Ni maadili ya kazi."

"Nitalisukuma mwenyewe. Wewe utazame tu."

"Ukilisukuma utakuwa umevuruga eneo la ukaguzi. Nitalazimika kuandika hivyo."

Bi Foronya aliondoa mikono kwenye kabati. "Na kile kifaa cha kupimia maji?"

"Kiko ofisini, kinachajiwa."

Akamsogelea kidogo, sauti ikalainika, ikawa ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama, tulia. Nyumba nzuri hii. Mimi nimekagua majengo tangu wewe..." Akamtazama mvi, akaiacha sentensi hapo. Simu ikarudi sikioni. "Eeh, nilikuwa kazini hapa. Nimesema ghorofa tatu, keki ya ghorofa tatu!"

Akaondoka. Bi Foronya alizoea kupima muda kwa mashine zake za kufulia. Hata suuza ya kwanza haikuwa imekwisha.

*

Ripoti ilikuja na kurasa arobaini na moja na muhuri wa zambarau. Aliisoma pale pale pa kufulia, kwenye meza ya kukunjia, wakati wa mapumziko, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Msusi alikuwa ameketi juu ya rundo la mablanketi, anatafuna kijiti.

"Ukuta wa chumba cha nyuma haukuweza kufikiwa," alisoma Bi Foronya. "Hakuna dalili ya unyevu iliyoonekana."

"Haukuweza kufikiwa! Kwani uko mwezini?"

"Subiri. Ukurasa wa kumi na tisa." Alisoma kimoyomoyo, akarudia, kisha akasoma kwa sauti. "Ngazi ya ndani inayokwenda ghorofani ni imara na iko katika hali nzuri, isipokuwa haina reli ya kushikia. Kasoro ndogo. Reli iwekwe, na picha ipelekwe benki, kabla mkopo haujatolewa."

Msusi alikitoa kijiti mdomoni. "Ngazi gani?"

"Inayokwenda ghorofani."

"Dada! Umenunua ghorofa na hukuniambia!" Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka wale wa kupiga pasi wakageuka. "Mimi nitalala juu. Mimi nataka baraza!" Bi Foronya naye kicheko kilimponyoka, kifupi, kupitia puani. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho, akaona mahali palipoandikwa *kasoro kubwa*, na mbele yake neno *hakuna*. Msusi akakirudisha kijiti mdomoni. Mashine ya kukamua iliendelea kunguruma.

*

"Nataka mkaguzi mwingine," alimwambia afisa.

"Haki yako. Orodha ya wanaotambuliwa na benki hiyo hapo. Makampuni matatu."

Bi Foronya aliisoma taratibu. Majina matatu yenye kung'aa. Mtaa mmoja, jengo moja, namba ya simu moja.

"Huyu ni mtu mmoja."

"Ni makampuni matatu, mama. Yamesajiliwa. Ila ukaguzi mpya utaulipia upya, na foleni yake ni wiki nane."

"Nimebakiza wiki tatu nitolewe chumbani."

Afisa alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mvua ya nchi nyingine.

"Nyumba haina ngazi, bwana afisa."

"Ripoti inasema ipo."

"Twende ukaone."

"Mimi si mkaguzi."

"Basi mwambie mwenyewe aifute."

"Hiyo ripoti si yako kusema ifutwe. Imeandikwa kwa ajili ya benki."

"Nimeilipia mimi."

"Umeilipia, ndiyo. Tunashukuru." Akaangalia saa. Kisha akainama juu ya meza kwa upole wa mtu anayetoa sadaka. "Mimi nakusaidia kwa sababu nina mama kama wewe. Ukijitoa, arubuni imekwenda, kwa maana kasoro kubwa hakuna. Ukibishana, wiki tatu zimekwenda. Faili lako limekwama kwa kitu kimoja tu, reli. Weka reli. Nitapita mwenyewe kupiga picha, faili lipite. Au utalala wapi, kwenye mashine zako?"

"Reli niiweke wapi?"

"Hayo ni ya fundi," alisema afisa.

*

Fundi aliokota reli kwenye vyuma chakavu, ya jengo fulani lililobomolewa, akaisugua kutu. Aliitazama sakafu, akamtazama Bi Foronya, akaitazama sakafu tena.

"Mama, ngazi iko wapi?"

"Funga tu, fundi."

"Nifunge kwa mlalo gani?"

"Wa kupanda."

Kuta nyingine zilikuwa na milango na madirisha. Uliobaki mtupu ulikuwa ule wa chumba cha nyuma, kwa kuwa mwenye nyumba alishahamisha kabati lake. Pale lilipokuwa, rangi ilikuwa imetuna malengelenge, na chini yake doa lilipanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua, jeusi, lenye manyoya. Bi Foronya aliweka kiganja. Baridi kama mgongo wa chura.

Drili ilipoingia, vumbi halikutoka. Ulitoka uji, wa kijivu, ukachuruzika mpaka sakafuni. Skrubu za juu zilishika kidogo. Za chini zilizunguka bure.

"Hapa hapashiki kitu," alisema fundi. "Hapa ni bwawa."

Afisa alifika akiwa na haraka zake. Alisimama mlangoni kwa sababu ya viatu. Akaliona doa, akaliona tope, akainua simu.

"Mbona imepinda?"

"Ngazi ndivyo zinavyokwenda, bosi," alisema fundi.

Ncha ya chini ikachomoka. Bi Foronya alipiga goti, akaidaka kwa mkono mmoja kabla haijagonga sakafu, akairudisha ukutani.

"Mama, toka kwenye picha."

"Nikitoka itaanguka."

Afisa alivuta pumzi, akatazama kwenye kioo cha simu, akafumba jicho moja. Bi Foronya alikuwa amevaa gauni lake la kazini, lililofuliwa mara nyingi hata weupe wake ukawa krimu.

"Enhe. Nguo yako na ukuta ni rangi moja. Jibanze hapo hapo. Kichwa chini. Vuta mkono wa gauni ufunike vidole."

Akavuta. Akainamisha kichwa, shavu likagusa rangi iliyolowa. Maji yalipita chini ya reli, yakaingia kwenye mkono wa gauni, yakashuka taratibu hadi kwenye kiwiko.

"Usitikisike," alisema afisa. "Hiyo imetoka giza. Moja tena."