Ukwato Kwenye Picha

Mimi ni muuza nyama. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo magazeti sisomi sana, nafungia nyama. Siku gazeti lenye habari ile lilipotoka, fundi cherehani wa duka la pili ndiye aliyenisomea: watu wa mtaa wetu wamelishwa punda. Chini yake, picha ya bucha langu, mlango wazi, nyama zimening'inia. Jina langu hawakuandika.

Punda alikamatwa kweli, lakini kwenye banda la mtu mwingine, ng'ambo ya reli. Mwandishi hakupata picha ya huko, akapiga ya kwangu kwa kuwa nilikuwa njiani kwake. Basi nikawa Baba Punda. Watoto wakipita wanalia kama punda. Shemeji yangu akija kwetu anakula wali mtupu, anasema tumbo halijakaa vizuri. Miezi minane tumbo halijakaa. Zamani nilimaliza ng'ombe mzima kwa siku. Sasa hata robo iliniozea.

Nikashtaki. Sikutafuta utajiri. Nilitaka gazeti liseme, kwa herufi zilezile kubwa, kwamba sikuuza punda.

Asubuhi ya kesi mhariri alitufuata nje ya chumba cha mahakama. Yuko tayari kulipa siku hiyohiyo, ila kuomba radhi gazetini, hapana. Wakili wangu akanivuta pembeni.

"Mzee, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbacha wangu unanuka punda, wakili. Nitaulalia vipi?"

"Mwache tu," mke wangu akamwambia. "Huyu akishika neno hatoki. Mimi nina mwaka wa ishirini na tatu najaribu."

Ndani, wakili wa gazeti alikuwa na hoja moja, na ilinitisha. Picha haina jina wala kibao. Mabucha yote yanafanana. Nani alijua ni la huyu? Hakimu akikubali hilo, nimekwisha, na punda wangu nazikwa naye.

Tukamwita fundi cherehani kutoa ushahidi.

"Ulijuaje ni duka lake?" wakili wa gazeti akamuuliza. "Nyama ina sura?"

"Nilijua kwa ukwato. Mtaa mzima ni huyu peke yake anayeacha mguu mmoja na ukwato wake, anautundika mlangoni mpaka kipande cha mwisho kiuzwe. Huo hapo kwenye picha, kulia."

Ni kweli. Marehemu baba alinifundisha hivyo, mteja aone anachokula. Wakili akadhani amepata mwanya.

"Kwa hiyo ukwato huo ulikuonyesha kwamba muuza punda ni huyu?"

"Punda ukwato wake ni mzima, ndugu yangu. Huo umepasuka katikati. Mmepiga picha ya ng'ombe, mkaandika punda."

Hakimu akaomba ile picha, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Mhariri akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu: nilipwe fidia, na radhi itoke ukurasa wa kwanza, kwa ukubwa uleule. Watu wa gazeti wakasema hawakati rufaa. Nilikaa kwenye benchi la nje. Mke wangu alinipepea kwa mkoba wake.

Radhi ilitoka Jumamosi. Saa mbili asubuhi palikuwa na watu sita mlangoni, kila mmoja anajifanya alikuwa anapita tu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa amenihama tangu siku ile ya gazeti. Nilimpimia kilo mbili. Akafungua mfuko, akachungulia.

"Hii mifupa yote ya nani? Miezi minane hujauza, umesahau kupima?"

Hakuuliza ni mnyama gani.

"Nikuongezee steki, mama?"

"Ongeza. Na usijifanye kama unanipa zawadi, ni haki yangu."

Nikamkatia kipande kikubwa kupita kiasi. Nyuma yake wakaanza kugombana nani alitangulia, nikawaacha wagombane kidogo.