Madirisha ya Kabichi

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijalifikia bonde lililo chini ya Kimironko, Shallon alichuchumaa mbele ya kabichi zake akakuta majani yameharibiwa. Hayakuwa matundu hasa. Viwavi vya kijani, vyembamba kama uzi wa cherehani, vilikuwa vimekula nyama ya jani kutoka upande wa chini na kuacha ngozi ya juu peke yake, nyeupe, nyembamba, inayopitisha mwanga. Wakulima huviita vidirisha. Shallon hakulijua hilo, maana ndiyo kwanza alikuwa analima. Aliinama akachungulia kwenye kimoja, akaona jiko la mtu.

Lilikuwa jiko la kuni, la mafiga, na juu yake sufuria nyeusi inachemka. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa udongo, umepakwa chokaa mpaka nusu, kana kwamba mpakaji aliitwa kula. Kuku akapita. Shallon alilifuta jani kwa kidole ili aone vizuri. Kuku akageuka, akamtazama, akaendelea na safari zake.

"Mwenyekiti," aliita, "mimi niko na wadudu."

Mwenyekiti alikuwa Goodluck, mhandisi wa barabara, mtu wa Bukoba, na hicho alichokiongoza kiliitwa Umoja wa Wakulima wa Jumamosi. Walikuwa watu wa ofisi. Wengi wao ni Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania, wakarudi na shahada na mashati meupe, na siku moja wakagundua kwamba wanatamani kushika jembe. Walinunua shamba kwa pamoja, wakaligawa vitalu, wakachimba mfereji katikati. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Sheria ilikuwa moja tu yenye meno: atakayelea wadudu mpaka wavuke mfereji kwenda kwa mwenzake, ananyang'anywa kitalu.

Goodluck alikuja, akakunja suruali, akachungulia.

"Viwavi," alisema. "Na hapa pembeni jani linaanza kuwa jeusi. Huo uozo mweusi. Dada, tibu haraka. Unaijua sheria."

Shallon aliijua. Kitalu kile alikisubiri kwa muda mrefu, na alikuwa amemwahidi mama yake, aliyeko Mbarara, kwamba atamtumia kabichi ya mkono wake mwenyewe. Mama alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe hata maua ya plastiki yalikufia!" Kwa hiyo mambo mengine yote ya dunia yangeweza kusubiri, lakini ile kabichi ilikuwa lazima ifunge kichwa.

Alikwanyua jani moja akaenda nalo soko la Kimironko, kwenye duka la dawa za mimea. Muuzaji aliliinua kwenye mwanga.

"Jiko," alisema.

"Jiko, ndiyo. Inatibika?"

"Hii si mbaya, mama. Kuna mteja aliniletea sukumawiki yenye darasa zima, na mwalimu anapiga kelele. Yako ni nyumba moja tu." Alinusa ukingo mweusi, akausugua kwa kidole gumba, weusi ukatoka. "Na hii si uozo. Hii ni masizi. Huyo mwenye nyumba anatumia kuni mbichi."

Alimshauri aanze na majivu, kisha maji ya sabuni na pilipili, na visiposikia, ndipo aje achukue dawa yenyewe.

Shallon alinyunyiza majivu. Viwavi viliyala. Akapuliza sabuni na pilipili. Ndani ya jani mtu akapiga chafya, na vidirisha vikaongezeka. Jumamosi iliyofuata ngozi nyeupe ilikuwa imepasuka, vidirisha vimekuwa madirisha, na moshi wa jikoni ukawa unatoka kwenye kitalu na kutambaa juu ya mchicha wa majirani. Ulinukia maharage.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta bibi wa getini.

Jina lake Mukankusi. Kila Jumamosi tangu shamba lizinduliwe alisimama nje ya geti, na wanachama walidhani anauza mayai. Siku hiyo hakusimama. Aliingia, akapita vitunguu, akapita karoti, akapiga magoti kwa Shallon na kuweka jicho kwenye jani.

"Ndiyo," alisema. "Maharagi yangu."

Alikuwa na Kiswahili cha mtaa wa Biryogo, alikouzia kanga enzi za ujana wake. "Mimi iliitwa kwenda Huye, binti yangu anazaa. Nikatoka mbio. Nikaacha sufuria kwa moto. Kurudi, nyumba hakuna. Iko kabichi."

Shallon alimpisha ili apate nafasi ya kukaa vizuri. Jambo lenyewe halikuwa geni. Aliyewauzia shamba alikuwa Eustache, mpwa wa Mukankusi, mwenye baa pale Gisimenti, na yeye mwenyewe akabakiziwa kitalu kimoja, kilicho karibu na maji. Shangazi alikuwa safarini. Mpwa akaona ardhi imekaa bure. Wanachama wote walilijua hilo, kama mtu anavyojua kwamba nyama ilikuwa mbuzi. Halizungumzwi wakati wa kula.

"Ayi we!" Mukankusi alipaza sauti ghafla. "Na hawa ni nani ndani?"

Watu wakaja. Jani lilikuwa kubwa, kila mtu akapata pa kuchungulia. Ndani ya nyumba, wanaume wawili walikuwa wanavuta futi ya kupimia kutoka mlangoni hadi kitandani. Mmoja alikuwa Eustache. Mwingine alikuwa Goodluck.

Goodluck mwenyewe alitazama kwa muda, mikono mgongoni.

"Ni mimi," alikiri. "Nilikuwa mwembamba."

Watu walishtuka. Kweli alikuwa mwembamba. Mama mmoja wa benki alisema mwenyekiti apime sukari, na apime wiki hii hii. Wengine wakatikisa vichwa, wakimtazama Goodluck wa kwenye jani, kisha Goodluck wa kwenye mfereji.

Wakiwa bado katika huzuni hiyo, Eustache wa ndani aliiweka chini futi, akaenda kwenye kona, akatwaa kibuyu cha maziwa ya mgando, akajimiminia. Akampa na Goodluck. Wakanywa.

Hapo sasa ndipo watu waliposhtuka kweli. Kikombe kilimponyoka mtu. Winifred, mtunza hazina, aliyekulia Karagwe kwenye ng'ombe, alijishika kifua akakaa juu ya kabichi ya mwenzake.

"Maziwa?" Mukankusi alimgeukia mpwa wake, aliyekuwa amefika na ndoo mkononi. "Eustache. Ulikunywa maziwa, na mwenyewe haiko?"

Eustache hakuweza kuinua uso. "Shangazi, jua lilikuwa kali."

"Hata kukaribishwa haukukaribishwa!"

"Na kusimama," Winifred alinong'ona. "Wamekunywa wamesimama."

Kikao cha dharura kiliitishwa palepale, kando ya mfereji. Hakuna aliyeona jambo zito kama hilo tangu Umoja uanze. Goodluck alivua kofia, akaomba radhi kwa niaba ya Umoja na kwa niaba yake binafsi. Eustache akaagizwa alete dumu la maziwa, naye akaenda mbio akarudi nalo, akampa shangazi yake kwa mikono miwili, amepiga goti. Mukankusi akapokea, akaonja, akasema yamegandishwa kwa haraka lakini yanafaa. Watu wakapiga makofi. Baadhi walilia.

"Na nyumba yangu?" aliuliza, akifuta midomo.

Goodluck alivaa kofia. "Mama, hilo haliko kwenye ajenda."

Kilichokuwa kwenye ajenda ni viwavi, maana wakati wa kikao kimoja kilionekana kikining'inia kwa uzi wake juu ya mfereji, kinapeperushwa kuelekea ng'ambo. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakishamaliza umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Shallon apulize dawa yenyewe saa tano kamili, mbele ya wanachama. Asipopuliza, kitalu apewe mwingine. Waliokuwa wakisubiri vitalu walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa tayari ameshanunua buti.

Kufikia siku hiyo jani kubwa la nje lilikuwa limebaki mishipa pembeni tu. Katikati palikuwa mlango. Shallon alikuja kutoka kwenye umuganda, matope bado miguuni, akajivika bomba la dawa mgongoni, na kumkuta Mukankusi amesimama pale na dumu lake la maziwa.

"Binti yangu," bibi alisema, "usipulize kwanza. Acha mimi niingie niteremshe sufuria. Itaungua."

"Ingia, mama. Lakini fanya upesi. Wananitazama."

Mukankusi alikuwa mdogo wa mwili. Alitanguliza dumu, kisha mkono, kisha kichwa, kama mtu anayeingia kwenye chandarua bila kutaka mbu wamfuate. Jani lilitikisika likatulia. Ndani, alionekana akivua viatu mlangoni. Alifunua sufuria, akakoroga, akaonja punje moja, akarudisha kifuniko. Kisha akachukua ufagio.

Wanachama walikuwa wamejipanga ng'ambo ya mfereji, na aliyenunua buti alikuwa amezivaa.

"Saa tano," Goodluck alisema.

"Mama!" Shallon aliita kwenye jani. "Umemaliza?"

"Bado! Maharagi haijaiva!"

"Mama, nitapuliza!"

"Subiri kidogo, binti! Haya ni ya zamani, inataka moto mwingi!"

Shallon aliwatazama wanachama. Aliitazama kabichi, ambayo chini ya majani yaliyoliwa ilikuwa imeanza kukunja moyo mdogo, mgumu, mzuri sana, kabichi ya kwanza maishani mwake. Ndani yake mtu alikuwa anafagia. Alivuta pampu, akapuliza, kwanza upande wa chini wa majani, kama maelekezo yalivyosema, kisha juu.

Viwavi vikaanguka. Ufagio haukusimama.

Majani mabovu aliyakwanyua akayatupa kwenye lundo la mboji. Yaliyobaki yalijikunja, jani juu ya jani, na kabichi ikafunga. Ikawa kubwa, ikawa nzito, ikawa na rangi ya kung'aa, na wanachama walipopita waligonga kwa kidole kama watu wanavyogonga tikiti.

"Ninde?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Ni sisi, mama. Tunapita tu."

"Mkaribie."

"Siku nyingine, mama."

Kabla ya umuganura, sikukuu ya mavuno ya kwanza, Shallon aliikata shinani, akaizungushia gazeti, akaiweka kwenye kiroba, akampa kondakta wa basi la Mbarara. Alimsihi asiilaze ubavu. Pale mpakani Gatuna maafisa waliifungua kuangalia kama ina wadudu. Hawakukuta mdudu hata mmoja, wakaipitisha.

Siku ya umuganura wanachama walikusanyika shambani, wakapika mazao ya kwanza kwenye masufuria ya kukodi. Kwa desturi anayeonja wa kwanza ni mkubwa kuliko wote pale nyumbani. Hapo pakawa na ubishi kidogo. Mwisho ikaonekana kwamba kwa kuwa shangazi yuko safarini, Eustache aonje kwa niaba ya ukoo. Alionja kabichi za vitalu vingine, akafumba macho, akasema zinahitaji chumvi. Watu wakapakua.

Simu ya Shallon ikaita. Ilikuwa Mbarara.

"Kabichi imefika," mama yake alisema. "Mwanangu, nimetubu. Ni kabichi kabisa."

"Asante, mama."

"Nilitaka kuikata mchana. Nimeweka kisu, mtu akaniuliza ni nani. Nikamwambia mwenyewe. Akasema hata yeye ni mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Anaitwa Mukankusi."

"Ameniambia. Amenipa maziwa, tumepatana. Banange, huyo bibi ni msafi! Sasa anauliza mtaa huu ni upi, maana akifungua dirisha anaona migomba asiyoifahamu. Anauliza nani atamrudisha kwake."

Shallon alitazama kitalu chake. Alikuwa ameshakipalilia, na miche mipya ilikuwa imesimama kwa mstari, imenyweshwa.

"Mwambie kwake ni humo," alisema.

"Nimemwambia. Anasema nyumba anaiona, uwanja ndio hauoni." Kwa mbali ukasikika mfuniko wa sufuria. "Shallon, kabichi hii ni nzuri, na nimeisubiri. Lakini mimi siwezi kula nyumba ya mtu."

"Basi iweke tu juu ya kabati, mama. Mahali penye hewa."

"Nyie huko mnafanyaje?"

Shallon aligeukia masufuria. Goodluck alikuwa anaongeza sahani ya pili. Winifred alikuwa anatafuna taratibu, amefumba macho.

"Sisi tunakula," alisema, akakata simu.

Eustache alikuwa amesogea na sahani yake tupu.

"Nani, dada?"

"Mama. Kabichi imefika."

"Salama?"

"Salama."

"Mungu ni mwema," Eustache alisema, na akasogeza sahani karibu na sufuria.