Siku Treni Ilipoomba Njia Kwamdoe

Niliota usiku wa jana, na nitaieleza ndoto kama ilivyokuwa, kwa sababu kumbukumbu yangu haijawahi kuniangusha, na wanaolijua hilo zaidi ni mahasimu wangu.

Niliota nimealikwa kwenye treni ya matembezi.

Asiyeijua treni hiyo nimweleze. Kila Jumamosi inapita hapa kwetu Kwamdoe ikitoka Korogwe kwenda Mombo, imejaa wapenzi wa reli wanaokwenda kuitazama milima ya Usambara. Injini ya moshi, mabehewa ya rangi ya maziwa, madirisha yamefungwa. Haisimami. Kituo chetu kilifungwa zamani, kikafutwa kwenye ratiba, na kisichokuwa kwenye ratiba, kwa wakubwa wa reli, hakipo, hata kama kina sakafu, paa na watu.

Mimi treni naipenda kuliko ninavyopenda kula. Injini naijua kwa pumzi yake kabla haijatokeza kwenye kona ya mkonge. Lakini kuipenda treni isiyosimama kwenu ni kama kumpenda mtu asiyeitikia salamu. Unazidi kupiga hodi, na unazidi kukasirika.

Na ingekuwa mimi peke yangu ningevumilia. Shangazi yangu Mwantumu, aliyenilea, aliuza mayai ya kuchemsha kwenye kituo kile tangu mimi simfikii kiunoni. Mpaka leo, ikifika Jumamosi, anajitwika beseni, anakwenda kusimama jukwaani, treni inampita, anarudi na mayai yake yote. Jumapili tunakula mayai. Jumatatu tunakula mayai. Nimemwambia aache, hataki.

"Siku ikisimama nisiwepo," anasema, "itanielewaje?"

Basi, naota. Niko ndani ya behewa, nimevaa shati la sikukuu, nimeshika tiketi yenye jina langu, Hoza Shekiondo, limeandikwa bila kosa hata moja, jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kuliweza.

Mkagua tiketi anakuja. Ni korongo. Kofia ya kazi anayo, viatu hana.

"Tiketi, ndugu."

Nampa. Anaitoboa kwa mdomo. Anatoboa na gazeti la abiria wa mbele yangu kwa sababu, anasema, ameshaanza.

"Soma kanuni," ananiambia, ananielekeza ukutani kwa ubawa. "Humu kanuni zinafuatwa."

Kanuni ya kwanza inasema abiria asitoe kichwa nje ya dirisha. Bwana mmoja mwenye kamera shingoni anaisoma, anaikubali, anavua kichwa chake, anakiweka kitini kwa adabu, halafu anatoa mwili uliobaki nje na kuanza kupiga picha.

"Zinatoka vizuri?" kichwa kinauliza.

Mwili haujibu. Uko kazini.

Kanuni ya pili inasema mzigo usio na mwenyewe utashushwa. Sanduku dogo la kahawia, kumwona korongo anageuka, linanikumbatia mguu.

"Sema mimi ni wako," linaninong'oneza.

"Una nini ndani?"

"Soksi."

"Basi wewe ni wangu."

Korongo akapita. Mtu ukishadhulumiwa hujifunza kutomwachia mwenzio ashushwe njiani.

Nikatafuta kiti changu. Dirishani amekaa mtu mkubwa mno, na nilipotazama vizuri nikaona si mtu. Ni mlima. Ule ule tunaouona kutoka Kwamdoe, umekaa, umekunja wingu lake magotini kama shali.

"Samahani," nikasema. "Hapo ni pangu."

"Tubanane, mjomba," ulisema mlima, ukajisogeza. Behewa likainama kidogo.

"Si wewe ndiye tunayekwenda kukutazama?"

"Mmenitazama sana. Mnakuja, mnashangaa, mnageuza, mnaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi napenda kutazama nini. Leo na mimi nimekata tiketi."

Nikachungulia nje. Pale unapokaa siku zote pamebaki weupe, kama ukutani palipotundikwa picha miaka mingi, ikaondolewa.

"Na hawa wenye kamera?"

"Watapiga hapo hapo. Hawatajua."

"Haya, unapenda kutazama nini?"

Mlima ukaona haya. "Kuna mama mmoja hapo mbele. Kila Jumamosi anasimama ananipa mgongo, kichwani ana beseni. Namwona yeye, beseni naliona, ila kilichomo sijawahi kukiona. Nimekuja kuona."

"Ni shangazi yangu," nikasema. "Humo mna mayai."

"Ah!" mlima uliguna. "Sasa mbona umeniambia?"

Nikauomba radhi. Mlima mzima umekata tiketi kwa ajili ya beseni la shangazi, na treni yenyewe haitasimama! Nikainuka kwenda kumtafuta mkubwa wa treni. Sanduku likanifuata.

Nafungua mlango wa behewa la chakula, naingia ofisi ya reli mjini. Ofisi ile ile: benchi la kusubiria, feni inayozunguka kwa kujilazimisha, meza. Nyuma ya meza, kwenye kiti, kuna koti.

Koti lile nalijua. Kila nilipokwenda kudai kituo, mwenye ofisi alikuwa ametoka kidogo, na koti lake amekivika kiti ili watu tujue kwamba yupo. Nimezungumza na koti lile kuliko nilivyozungumza na ndugu zangu wa damu. La kijivu. Kifungo cha pili kimelegea. Nalikumbuka lilipokuwa jipya.

"Karibu, Hoza," lilisema koti. "Mwenyewe ametoka kidogo."

"Nimekuja kuhusu Kwamdoe. Treni isimame."

"Kituo kitafunguliwa abiria wakipatikana."

"Abiria watapatikana kituo kikifunguliwa."

"Unaona?" koti lilisema kwa upole. "Tunakubaliana kila kitu. Tunatofautiana kipi kitangulie."

"Na treni hii anaisimamisha nani?"

"Mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

Nikageuka niubamize mlango, lakini mlango ulikuwa umeshakuwa dirisha, nami nimerudi behewani. Juu ya kichwa changu unaning'inia mnyororo wa kusimamishia treni. Kanuni inasema atakayeuvuta bila sababu ataadhibiwa. Sababu ninayo. Nimeitunza vizuri, haina hata kutu.

Nikavuta.

Mnyororo ukatoka. Ukaendelea kutoka, kama ninafumua sweta. Ukajaa mapajani, ukamfunika bwana wa kamera, ukaja na mashuka ya watu yaliyoanikwa. Na huko mbele, injini ikaanza kucheka.

"Acha!" ilipiga kelele. "Acha bwana wee, unanitekenya!"

Moshi ukawa unatoka vipande vipande. Mlima ukacheka, behewa likaruka. Korongo akacheka, kofia ikamziba macho. Kichwa kilichokuwa kitini kilicheka mpaka kikabingirika, sanduku likakidaka. Mimi nilikuja kupigana, na nacheka mpaka machozi. Nilipanga kujikasirikia baadaye.

Lakini treni haikusimama. Tunaingia kona ya mkonge. Naliona paa la Kwamdoe. Namwona shangazi amesimama jukwaani, amenyooka, beseni kichwani. Naisikiliza pumzi ya injini, nami pumzi ile naijua: ni ya kupita. Kicheko kikanikauka.

Halafu pumzi ikabadilika. Breki zikalia. Mabehewa yakagongana mabega, na treni ikasimama, mlango wangu mbele ya shangazi kabisa.

Koti lilikuja mbio, bado limevaa kiti, kiti kinakimbia kwa miguu yake minne.

"Nani kasimamisha?"

"Mimi," ilisema injini. "Sina pete."

Hapa nieleze. Reli yetu ni njia moja. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, zamani kila kipande cha njia kilikuwa na pete yake ya chuma, pana kama ungo. Mwenye pete ndiye mwenye njia. Treni ikifika kituoni inamkabidhi mkuu wa kituo pete ya njia iliyotoka, inapewa pete ya njia inayokwenda. Bila pete, haiendi hata hatua.

"Pete ya kutoka Korogwe hii hapa," ilisema injini. "Ya kwenda Mombo nipewe."

"Siku zote unapita bila!" lilifoka koti.

"Siku zote napitishwa. Leo nimeachiwa nijiendeshe, na mimi nililelewa. Niitieni mkuu wa kituo."

"Hapa hakuna kituo."

"Ala!" ilisema injini. "Na mimi nimesimama wapi?"

Kifungo cha pili cha koti kikaanguka.

Korongo akavua kofia yake, akanivika mimi. "Kanuni," alisema. "Mkuu wa kituo ni mwenye kofia."

Nikashuka. Pete hatuna. Zilibebwa kituo kilipofungwa, pamoja na kengele na mabenchi, na waliopakia lori siku hiyo nawakumbuka mmoja mmoja, na mmoja alikuwa anapiga mluzi.

"Wewe Hoza!" shangazi alinipokea. "Wageni wamesimama, na wewe unazubaa na kofia ya watu!"

"Shangazi, wanataka pete. Kitu cha duara."

Shangazi akateremsha beseni. Kichwani ikabaki kata yake, ile aliyoisokota kwa kanga kuukuu ili beseni lisimuumize. Akaivua.

"Hii si duara?"

Injini ikainama kuitazama. "Imetoka mkononi mwa mtu wa kituo?"

"Imetoka kichwani mwangu."

"Inafaa zaidi."

"Ngoja kwanza!" shangazi aliirudisha kata nyuma ya mgongo. "Hamwendi hivi hivi. Miaka yote mnanipita mmefunga madirisha kama mimi ni vumbi. Fungueni!"

Madirisha yakafunguka yote kwa mpigo. Ee bwana, kelele! "Mama, huku!" "Weka pilipili!" "Mama, mimi sina mdomo hapa, mpelekee kichwa, kiko ndani!" Shangazi anakwenda dirisha hadi dirisha, kiuno kimempungua miaka, anatania, anajibu, chumvi inaruka. Mlima ukatoa mkono, ukapokea yai moja, ukalishika kwenye mwanga muda mrefu.

"Kumbe ndiyo haya," ulisema. "Ningeshuka zamani."

Koti lilikuwa limesimama pembeni na kiti chake. Shangazi akaliendea, akalitia yai la moto mfukoni.

"Na wewe upate joto. Huyo mwenyewe harudi."

Koti likaupapasa mfuko. Halafu, polepole, likajivua kutoka kwenye kiti. Mimi nimelidai koti lile kwa miaka, nilitamani siku moja nilione limeaibika. Nililiona linacheza jukwaani, mikono juu, na nikajikuta nalipigia makofi.

Beseni likaisha. Nikaingiza mkono kwenye pete ya chuma ya injini, nikaichukua. Nikaipa injini kata ya shangazi.

"Itunze hiyo ya chuma," injini iliniambia. "Ndiyo njia yangu ya kurudia Korogwe. Bila kuichukua hapa, sirudi."

"Kwa hiyo itabidi usimame tena?" niliuliza.

"Sasa wewe, mkuu wa kituo, unaniuliza mimi?"

Ikapiga honi, ikaondoka. Nikaamka.

Kumekucha, ni Jumamosi. Shangazi anagomba chumba cha pili.

"Hoza! Kata yangu umeipeleka wapi? Nimeitundika hapa msumarini jana kwa mikono yangu!"

"Sijaigusa, shangazi."

"Na hili lidude la nani? Limenikwaruzia ukuta."

Nikaenda. Msumarini palining'inia pete ya chuma, pana kama ungo. Nikaishika. Ilikuwa na joto, na mkononi ikaniachia grisi.

Shangazi akainua kidole: kuna honi. Treni ya matembezi siku zote hutokea upande wa Korogwe. Honi hii ilikuwa inatoka upande wa Mombo, fupi fupi, haikomi, kama mtu aliyeacha kitu na anajua vizuri amekiacha kwa nani.

"Linaita nini hilo?" aliuliza.

"Linaomba njia. Chemsha mayai, shangazi."

"Na beseni nitajitwikaje bila kata?"

"Beseni nitabeba mimi," nikasema. "Wewe shika chuma."