Mwanga Nyuma ya Chupa

Daktari wa macho hakuzungusha maneno. Alizima kitochi chake, akavuta kiti karibu, akamwambia mzee kwamba presha ya macho imeshakula mishipa, na kilicholiwa hakirudi. Matone yangemsaidia kubakiza kile kidogo alichonacho, tena si kwa muda mrefu. Ajiandae.

"Nijiandae vipi?" aliuliza mzee.

"Tuna darasa hapa hapa hospitali. Wanafundisha kutembea na fimbo nyeupe, kuvuka barabara, kujipikia. Anza sasa mzee wangu, wakati bado unaona kidogo. Ukisubiri mpaka giza lishuke, utapata taabu sana."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye korido alimshika binti yake begani, akasema, "Basi nimekuwa kamera, mwanangu. Naona kwa kitundu tu."

Binti akacheka, maana aliona wazi kwamba baba yake alitaka acheke. Kisha akaaga kwamba anakwenda chooni mara moja. Humo akafungua bomba mpaka mwisho, akalia maji yakimwagika, asije akasikika nje.

Mtaani walimwita Mzee Kivuli, na jina hilo alijitakia kwa mdomo wake. Kila aliyepanda ngazi kwenda studio yake, pale juu ya duka la vitambaa, alisomewa hotuba ileile: mwanga kila mtu anao, hata jua linaugawa bure, fundi ni yule anayejua kivuli kiangukie wapi. Bibi harusi mwenye mashavu ya mviringo alimwekea taa ubavuni, uso ukachongeka. Bwana mwenye makunyanzi aliyoyaonea haya alimshikia kitambaa cheupe chini ya kidevu, makunyanzi yakalainika kama shati lililopita kwenye pasi.

Binti alikulia mle ndani. Mama yake alifariki angali mdogo, na baba, asiyekuwa na wa kumwachia mtoto, akawa anakuja naye kazini. Alijifunza kazi kwa kushikishwa vitu: inua hicho kioo, shusha kidogo, hapo hapo, usipumue. Sasa studio ilikuwa mikononi mwake. Picha za nguo, za viatu, za nyuso za kuwekwa kwenye mabango na majarida, zote alizipiga yeye. Mzee alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye kochi la wateja, akasikiliza kamera ikilia.

Kazi ya manukato ilifika siku chache baada ya ile safari ya hospitali. Meneja wa masoko wa kampuni moja changa, mwanamke mwenye haraka zake lakini mcheshi, aliileta chupa ndani ya kiboksi chenye pamba. Kilikuwa kioo kizito chenye mabega mapana, na manukato ya rangi ya asali ndani yake. Walitaka picha moja kali ya kuweka kwenye mabango ya barabarani.

Alipoondoka, mzee alinyoosha mkono. "Nipe niishike."

Akaigeuza polepole, akapitisha kidole gumba begani, shingoni, kwenye kifuniko. "Hii niachie mimi," akasema.

Binti alitaka kukataa, akaghairi. Tangu hospitali, baba yake hakuwa ameomba chochote, hata chai alikuwa akingoja kuletewa. "Haya, baba. Panga wewe, mimi nitabonyeza."

Jioni ile meza ya chakula iligeuka studio. Kichupa cha chumvi kikawa ndiyo manukato, vitabu viwili vikawa taa, kopo la sukari likawa kamera. "Kioo hakimulikwi usoni," alisema mzee, na sauti yake ikawa ile ya zamani. "Ukikimulika usoni kinakurudishia taa yako, kama kinakucheka. Unaweka kitambaa cha mahameli nyeusi nyuma yake. Nyuma ya mahameli, taa kubwa. Mwanga unazunguka pembeni, unakuja kushika kingo tu. Basi! Chupa inajichora yenyewe gizani."

Binti aliyajua hayo yote, alishayafanya mara nyingi. Alisikiliza kama anasikia leo. Asubuhi alimsikia baba yake anaimba huku ananyoa ndevu, akajiambia kwamba amefanya jambo la maana.

Siku ya kazi mzee alivaa shati jeupe, kola imepigwa pasi ikasimama. Taa alizipanga mwenyewe. Alipima umbali kwa shubiri na kwa hatua, akasogeza shavu karibu na taa kusikia joto lake linapiga wapi, akaipapasa mahameli kutafuta mikunjo. Meneja wa masoko alisimama akitazama. Binti aliinamia kamera, akabonyeza, picha ikaja kwenye skrini ya kompyuta.

Akaisogelea skrini.

Nyuma kulikuwa kweusi tii, kama alivyotaka mzee. Lakini mahameli ilikuwa imekaa upande, mwanga ukavuja kushoto na kufuta ukingo mzima wa chupa. Jina la manukato lilimezwa na giza. Na katikati ya kioo, juu ya ile rangi ya asali, palikuwa na doa jeupe refu, kama mtu aliyezama ndani ya chupa. Lilikuwa shati la baba yake. Alisimama karibu mno na kamera, na chupa ilikuwa inamwona.

"Vipi?" aliuliza mzee. "Kingo zimeshika?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Baba, rudi nyuma kidogo, shati linaonekana. Maneno mepesi tu, ya kazini, ambayo yeye mwenyewe alishaambiwa na baba huyo huyo tangu utotoni. Lakini ili ayaseme ilibidi pia aseme habari ya mahameli, na ya jina lisilosomeka, na meneja amesimama pale pale. Na mzee alikuwa amegeuza uso kumwelekea huku midomo imeshaanza kutabasamu.

"Zimeshika, baba. Zimeshika vizuri sana."

"Umeona!" akasema mzee, akapiga makofi.

Meneja alimvuta binti mpaka kwenye ngazi. "Dada, mzee wako namheshimu. Lakini ile picha siwezi kuipeleka kwa bosi."

"Najua."

"Basi nipigie nyingine. Na safari hii nyuma pawe peupe, pasafi. Jina lisomeke hata na mtu aliye kwenye gari."

Siku mbili baadaye mzee alikwenda kliniki na jirani yao kinyozi, na binti akapanda studio peke yake. Akavaa blauzi nyeusi, akafunga madirisha, akatandaza kitambaa cheupe nyuma ya chupa na kukimulika kwa nyuma mpaka kikang'aa sawasawa kila pembe. Kando ya chupa akasimamisha vipande viwili vya kadi nyeusi, ili kioo kipate mstari mwembamba wa giza wa kukitenga na ule weupe. Ilikuwa kazi safi. Meneja aliifurahia, akaichukua siku hiyo hiyo. Binti hakufurahia kitu.

"Wamechukua yetu?" aliuliza mzee aliporudi.

"Wamechukua yako."

Kama uongo ule ungeishia pale, labda ungekufa wenyewe. Lakini mzee alinawiri. Alitembea amenyoosha mgongo, akamweleza kila aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi jinsi ya kumulika kioo. Akaanza kupanga kazi nyingine: mfululizo wa picha za mafundi wazee na mikono yao, kila mmoja na taa moja tu. Na binti alipomkumbusha darasa la fimbo, alicheka.

"Fimbo ya nini? Mimi bado niko kazini, mwanangu. Wale ni watu waliokwisha."

Binti alijaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine. Jibu likawa lile lile. Alimwona anagonga kiti ambacho jana alikikwepa, anamimina chai nje ya kikombe, na kila alipofungua kinywa amwambie ukweli, aliuona ule uso uliotabasamu mbele ya taa, akakifunga.

Bango lilisimikwa kwenye njia panda, mkabala na kinyozi. Binti aliliona asubuhi anakwenda kununua betri, akapiga moyo konde kwamba jioni hiyo atasema. Alichelewa. Alipofika kwa kinyozi kumchukua baba yake, alikuta kiti kimegeuzwa kutazama barabara na mzee ameketi mbele, mikono magotini.

"Haya, nisimulie basi," alikuwa anamwambia kinyozi. "Usiruke kitu."

"Mzee wangu, wewe ni kiboko!" kinyozi alisema, taulo begani. "Chupa kuubwa, imesimama katikati. Ile rangi ya asali inawaka, unatamani kuilamba."

"Kingo je?"

"Kingo zimekaa kama zimechorwa kwa penseli. Mstari mweusi, mwembambaa, huku na huku."

Mzee aliinua kichwa. "Mweusi?"

"Mweusi, ndiyo."

"Na nyuma yake?"

"Nyuma nyeupe pee. Kama maziwa."

Binti alikuwa mlangoni. Hakuingia, hakutoka. Alimwona baba yake anapapasa mkono wa kiti, kana kwamba amepoteza kitu kidogo pale.

"Imetoka vizuri," mzee alisema mwishowe. "Huyo aliyeipiga anaijua kazi."

"Si wewe?" kinyozi akacheka, akidhani ni mzaha.

Walirudi nyumbani mzee amemshika bega. Alipoketi ndipo alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Yangu ilikuwa na nini?"

Akamweleza. Mahameli, ukingo, jina. Mwisho akamtajia shati.

"Shati langu," alisema mzee. "Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza."

"Nisamehe, baba. Nilitaka usiumie."

"Umenivika kilemba cha ukoka, nikazunguka nacho mtaa mzima." Hakupandisha sauti. "Hilo si kitu, watu watacheka na kusahau. Lakini sikiliza. Mimi ninakokwenda, nitaona kwa mdomo wako. Ukisema kuna ngazi, nainua mguu. Ukisema hakuna, natembea. Sasa nitajuaje?"

Aliapa, akamshika mikono, akalia mbele yake waziwazi. Mzee alimpapasa kichwa kama alivyokuwa akimpapasa zamani, lakini swali lile hakuliondoa.

Hakupanda tena studio. Habari za mafundi wazee na mikono yao hazikutajwa. Binti alileta mwalimu wa darasa la fimbo mpaka nyumbani, na mzee akamkaribisha kwa adabu zote, akamsihi anywe chai, akamwambia hana haja, maana hana tena pa kwenda. Giza lilishuka kabla mvua hazijaisha, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Daktari alikuwa amesema kweli: bila fimbo, hakuweza kufika hata kwa kinyozi.

Hakuwa mkali, na huo ndio uliokuwa mzigo. Alimshukuru kwa chakula, akamwombea kila asubuhi anapotoka. Lakini binti akimwambia shati ni safi, alilinusa kwanza. Akimpa matone, ambayo sasa yalikuwa ya kuzuia maumivu tu, alimwita kinyozi dirishani amsomee jina la dawa. Akimwambia mlango umefungwa, alinyanyuka akapapasa ukuta mpaka kitasa.

Siku moja binti alirudi kutoka kwenye kazi kubwa ya nguo, ambayo kila mtu aliisifu. Aliketi karibu naye akaanza kumsimulia: taa moja tu juu kwa upande, kitambaa cheusi upande wa pili ili shavu lizame. Alisimulia polepole, bila kuongeza wala kupunguza.

"Vizuri," alisema mzee. Kisha akauliza, "Saa ngapi saa hizi?"

"Inakaribia moja, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono mezani, akapapasa mpaka akaipata redio, akaiwasha asikilize saa.