Tairi Nilizomchagulia Mkwe Wangu

Mkwe wangu Ndaki hajawahi kunibishia. Miaka sita amemwoa mwanangu Romana, na miaka yote hiyo hajanishika mkono, hajala mbele yangu, wala hajakaa chumba kimoja na mimi. Kwao Wasukuma mama mkwe anaheshimiwa hivyo, na kwetu Wapimbwe si tofauti sana, ila yeye amezidisha. Nikiingia mlango wa mbele, anatokea wa nyuma. Nilikuwa najivunia. Majirani zangu hapa Misunkumilo walinionea wivu, na mimi nikawaacha waone.

Marehemu mume wangu Gaspar alikuwa na kibanda cha kuziba pancha, na nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa. Nimefungua tairi kwa mikono hii. Zamani hizo barabara ya Inyonga ilikuwa tope tupu kuanzia Novemba, na gari lililopita ni lile lenye tairi za meno makubwa. Hizo ndizo ninazozijua. Kwa hiyo Ndaki alipotaka kubadilisha tairi za pikapu yake, nikasema zawadi hiyo natoa mimi, na dukani naenda mwenyewe.

Pikapu hiyo inachukua asali Inyonga na kuipeleka Tabora, lami mwanzo mwisho, mara mbili kwa wiki. Romana hukaa mbele na mumewe, maana ndiye anayewajua wateja. Yote hayo nayajua vizuri kabisa, na bado hayakunijia kichwani pale dukani kwa Method.

Ndaki alisimama karibu na mlango, uso ameugeuzia nje. Mkono wake alikuwa ameuweka juu ya tairi moja ya mistari myembamba.

"Hizo za kazi gani?" nikamwuliza Method.

"Za lami hizo, mama. Zinashika hata mvua ikinyesha. Kwa safari zake, mimi ningempa hizi."

"Method, wewe unanyonya mimi nilikuwa naziba pancha. Lete zile za meno."

Method akamtazama Ndaki. Romana naye akamgeukia mumewe. "Baba Minza, wewe unasemaje?"

Ndaki akaondoa mkono wake taratibu. "Mama ameshachagua," akasema, bila kugeuka.

Nikafurahi. Sitaki kulificha hilo. Nilifurahi mpaka nikamnunulia Method soda.

Wiki mbili baadaye Romana akaja peke yake. "Mama, zile tairi zinavuma kama mashine ya kusaga, hilo tumezoea. Lakini lami ikilowa, gari halishiki. Akikanyaga breki linateleza kwanza, ndiyo lisimame. Yeye tangu mwanzo alitaka zile zingine."

"Kwa nini hakusema?"

"Amwambie nani? Wewe?"

Nikampigia Ndaki simu palepale. Mimi kubembeleza sijui, mdomo wangu ni mkali tangu usichana, na maneno yakatoka kama amri. "Baba, toa hizo tairi. Weka za lami."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Tairi hazifai."

"Zinafaa sana, mama. Nisamehe."

Kesho yake asubuhi kaka yake mkubwa, Lyamba, akafika kwangu anavuta mbuzi. Kumbe wameona nimekasirika na nataka zawadi yangu irudi, na huo kwao ni msiba. Lyamba akaweka kofia mapajani, akaomba radhi kwa niaba ya mdogo wake. Nikamweleza habari ya lami na mvua. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Tumeelewa, mama. Kijana amekosa." Nikaeleza upya. Akaniahidi mbuzi wa pili. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, naye akakichukua kicheko changu kuwa msamaha. Akaenda kumwambia mdogo wake kwamba mambo yamekwisha.

Nikamwambia Romana amtoroshee fundi hilo gari, tairi zibadilishwe kimyakimya. Akaniuliza, "Halafu watu wakimwona ameng'oa zawadi ya mkwe wake, atasema nini?" Heshima niliyoringia miaka sita ilikuwa imenifunga mikono na miguu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafanya ubaya.

Ijumaa ile mvua ilinyesha njia nzima. Kabla ya kufika Inyonga, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Wote waliokuwepo wanasema Ndaki alikanyaga breki mapema. Gari likaendelea kwenda, likaingia mtaroni kwa upande wa Romana.

Daktari anasema goti lake la kushoto halitakunjika tena. Siku tatu nimekaa kando ya kitanda chake, na siku tatu hizo Ndaki amesimama nje, kwenye korido, kwa sababu mimi nimo ndani. Nikienda msalani ndipo anapoingia kumshika mkewe mkono. Akisikia ndala zangu, anatoka. Nilipoligundua hilo nikawa nachelewa makusudi, nazunguka jengo zima juani, mwanamke wa miaka yangu, ili mtu apate kukaa na mke wake.

Leo nimemfuata hapo korido. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Baba, sema ni kosa langu," nikamwambia. "Nitukane. Mimi ndiye niliyezichagua."

"Tairi zilikuwa nzuri, mama. Dereva ndiye mbovu."

Nikaanza kupiga magoti. Akaniwahi, akapiga yeye kwanza, na nesi aliyekuwa anapita na trei ya dawa akasimama kututazama, wote wawili chini kwenye sakafu, kila mmoja anamwomba mwenzake msamaha. Nilitaka anifokee mara moja tu. Nilisubiri.

"Gari linatoka gereji wiki ijayo," akasema hatimaye, macho yake sakafuni. "Mama, niweke tairi gani?"