Kompyuta ya Zenebech Imeamka

Zenebech alikuwa mwandishi wa maombi mbele ya geti la mahakama ya mji wa Dessie, Ethiopia, na kwa miaka saba kompyuta yake ilikuwa imemfanya aonekane mjinga mbele za watu. Haikuwa mbovu, ilikuwa nzito tu, tena nzito ya kutia hasira. Ukiiwasha, ilikaa ikizungusha kale kaduara kake kana kwamba ina siku nzima ya kupoteza. Fantaye, mama wa kahawa aliyekaa ubavuni pake, alikwisha zoea. Alikaanga buni, akatwanga, akachemsha, wateja wakanywa kikombe cha kwanza. Akaongeza maji kwenye birika, wakanywa cha pili. Ndipo kompyuta ilipokubali kufunguka.

Na hapo kuandika bado. Herufi ya Kiamhara huipati kwa kubonyeza mara moja. Unabonyeza konsonanti, unabonyeza irabu yake, ndipo inakaa sawa. Kwenye kompyuta ile ulibonyeza ukangoja, ukabonyeza tena ukangoja tena, na maneno yakaja nyuma yako yakikokota miguu. Zenebech alijifunza kuandika bila kutazama kioo, maana kukitazama kulimpandisha presha.

Gashe Endris, mzee aliyeandika maombi kwenye meza ya pili (gashe ndivyo tunavyowaita wazee kwa heshima), alikuwa akimwambia tangu mwaka juzi kwamba kifaa chenyewe hakina kosa. Kilichochoka ni mfumo endeshi. Aweke toleo jipya, aone. Zenebech alimcheka. Alisema mtu aliyeanzia kwenye taipureta hana la kumfundisha mwenzake kuhusu kompyuta, na kwamba herufi zake za Kiamhara zikipotea, yeye Endris ndiye atakayemlisha. Mzee hakukasirika. Pasaka ilipofika na Zenebech akafunga kibanda kwenda kuchinja kondoo kwa ndugu zake, Endris akaja kuiomba kompyuta aiwekee toleo hilo jipya. Yeye ni Mwislamu, sikukuu ile haikuwa yake, alikuwa na siku mbili za kukaa bure. Zenebech akampa ili tu aache kumsumbua.

Jumanne akarudishiwa. Aliiwasha, akageuka kuvuta kiti, na alipoitazama tena ilikuwa imekwisha funguka, inamngoja yeye. Alidhani Endris hakuizima. Akaizima mwenyewe, akaiwasha upya. Fantaye hata hajapuliza mkaa, ikawa tayari. Akaandika jina lake, na kila herufi ikakaa pale pale kidole kilipotoka. Jamani, mtu mzima alitokwa na machozi kwa ajili ya kompyuta. Wenye vitu vipya hawawezi kuelewa. Alitaka kumshukuru Endris kama inavyostahili, lakini aliona haya kwa kejeli za miaka miwili, akaishia kusema, "Si mbaya, Gashe." Mzee akaitikia asante, akaendelea na kazi yake.

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, akaja mwanamke aitwaye Debritu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mtandio wake mweupe ameuvuta mpaka kwenye nyusi, na mkononi ana hukumu iliyokunjwa mara nyingi mpaka imechanika mikunjo. Mumewe amefariki. Shemeji yake ameiambia mahakama kwamba huyu hakuwa mke, alikuwa mfanyakazi wa ndani, na kwa kuwa cheti cha ndoa hakipo na mashahidi wa shemeji wapo, mahakama imekubali. Nyumba aliyoishi miaka ishirini na miwili aondoke. Siku za kukata rufaa ni sitini, na ya sitini ndiyo leo. Dirisha la masijala lingefungwa saa kumi na moja na nusu.

Zenebech hakupoteza muda. Aliuliza, Debritu akajibu kwa neno moja moja, vidole vikaenda. Saa kumi kasoro dakika kumi ombi lilikuwa limeisha. Zamani saa hizo wangekuwa bado kwenye kikombe cha kwanza. Akalisoma kimoyomoyo kabla ya kulichapa, na furaha ikamtoka. Lilisema mimi ni mke halali, nilikuwa mke tangu siku ya kwanza, shemeji yangu ni mwongo. Basi. Lilikuwa limepoa kama chakula kisicho na chumvi, na jaji yeyote angelitupa.

Ndipo alipong'amua jambo lililomwaibisha kidogo. Miaka yote saba watu walimsifu kwa maombi yanayogusa, naye akazipokea zile sifa, kumbe hakuwahi kumhoji mteja hata mmoja. Kompyuta ilipokuwa inazunguka na Fantaye anamimina, watu walikuwa na kitu gani kingine cha kufanya isipokuwa kusema? Kufikia kikombe cha pili walikwisha lia, wakalaani, wakajisahihisha, na yeye aliandika tu alichosikia. Leo mama wa watu hakupewa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Akaishusha kompyuta kifuniko, akamwambia Fantaye alete kahawa, vikombe vyote vitatu vya desturi, asiharakishe. Debritu akashtuka, akatazama saa ya getini.

"Hii kompyuta sasa ina mbio, dadangu," Zenebech akamwambia. "Muda tunao. Kunywa kwanza."

Kikombe cha kwanza Debritu alikinywa akitazama geti. Cha pili alimtaja marehemu, jinsi alivyokataa kula mchuzi wa jana hata ukimbembeleza, na akacheka kidogo. Cha tatu, kile tunachokiita baraka, alikishika kwa mikono miwili bila kukinywa.

"Wale mashahidi hawakusema uongo," akasema. "Niliingia nyumba ile kama mfanyakazi. Mama yangu ndiye aliyenileta, akanishika mkono mpaka mlangoni. Nilipoulizwa mahakamani nikakana. Niliona aibu. Wakaona kama nimedanganya hilo, basi na mengine yote ni uongo."

"Ukawa mke lini?"

"Sijui siku yenyewe. Harusi hatukufanya. Mwaka wa nne aliacha kunilipa mshahara, akaanza kuniuliza leo tule nini."

Zenebech akamwambia taratibu kwamba yeye anaamini, lakini jaji atataka mtu wa nje aliyeona. Je, nani mwingine alimjua kuwa mke? Debritu akafikiri, akatikisa kichwa. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kisicho na maana, kwamba mama yake alipofariki watu wa iddir, chama cha mazishi cha mumewe, walikuja kusimamisha turubai getini kwao, wakakaa nao msiba siku tatu.

Kwenye meza ya pili, vidole vya Endris vikasimama. Chama cha mazishi hakimfanyii msiba kila apitaye. Kina daftari, na mwanachama huandikisha humo mkewe, watoto wake na wazazi wa pande zote mbili. Mama wa mfanyakazi akifa, mfanyakazi hupewa ruhusa akamzike kwao.

"Daftari liko wapi?" Zenebech akauliza.

"Kwa katibu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeniandikisha."

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tano. Zenebech akafungua kompyuta, akafuta yale yote ya mwanzo, akaanza upya. Debritu akawa anasema na maneno yake yanatokea kiooni kabla hajafunga mdomo: mama yake, mlango, mshahara uliokoma, mchuzi wa jana, turubai, daftari la iddir. Kurasa tatu. Kwa kompyuta ile ya kabla ya Pasaka wangelala hapo. Zenebech aliandika akikitazama kioo, na moyoni akashukuru kila herufi iliyokaa mahali pake bila kumgomea.

Printa ilipotema ukurasa wa mwisho zilibaki dakika tisa. Akamshika Debritu mkono, na alipopita meza ya pili akasimama, pamoja na haraka yote ile.

"Mungu akuongezee umri, Gashe Endris. Nilikucheka bure, na ulinitendea wema mkubwa."

"Kimbia, mwanangu," mzee akasema. "Hao hufunga mapema."

Dirishani karani alikuwa amekwisha vaa koti. Akazichukua karatasi kwa mkono mmoja, akauliza mleta rufaa ni nani kwa marehemu. Zenebech akafumbua mdomo ajibu, ndiyo kazi yake, lakini Debritu akaushusha mtandio mpaka mabegani.

"Niliingia kwake kama mfanyakazi, nikawa mkewe," akasema. "Yote yameandikwa humo."

Karani akamtazama, akasoma ukurasa wa kwanza akiwa bado amesimama, kisha akavuta kiti akakaa, akasoma wa pili na wa tatu. Akagonga muhuri. Akaigeuza karatasi, akaisukuma chini ya kioo pamoja na kalamu.

"Mke wa marehemu," akasema, "weka sahihi yako hapa."

Debritu akaandika jina lake polepole, Zenebech akimshikia karatasi isiteleze.