Breki za Bi Mshono

Tusidanganyane. Bi Mshono alikuwa hodari wa kuweka malengo kuliko wa kushona, na kushona alijua kweli. Kila mwaka mpya ulipoingia alitangaza jambo mbele ya ukoo mzima: mara ataacha sukari, mara atajifunza kuogelea. Haupiti mwezi, sukari imerudi kikombeni, na maji yenyewe hajayagusa hata kwa kidole cha mguu. Wifi yake, yule dobi mwenye ulimi, dada mkubwa wa mumewe, akawa haishi kumtania.

Basi mwaka ule Bi Mshono akanunua baiskeli nyekundu, akaapa kwamba siku ya mwisho ya mwaka ataiendesha peke yake kutoka dukani kwake hadi uani kwa wifi. Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Bi Mshono akishindwa, baiskeli iwe ya wifi, na habari za malengo zisisikike tena katika ukoo ule. Bi Mshono akakubali papo hapo. Kuchekwa kulikuwa kumemchosha jamani, na baiskeli ile aliipenda kama mtoto wa kumzaa.

Miguu haikumpa taabu. Mtu aliyekanyaga cherehani tangu usichana wake, pedeli zitamshinda nini? Mumewe alishika siti, akakimbia nyuma yake akihema, akamwachia, na mama huyo akaenda. Balaa lilikuwa kusimama. Cherehani husimamishwa kwa kuweka mkono wa kulia juu ya gurudumu lake la pembeni, na mkono wa Bi Mshono haukujua breki nyingine. Kila alipotaka kusimama, mkono uliruka kutoka kwenye usukani, ukapapasa hewani kutafuta gurudumu, naye akaishia kwenye maua ya jirani. Mume akamweleza, akambembeleza, hata akamfungia kitambaa kwenye breki aione. Wapi! Mazoea yana taabu. Mwaka ukayoyoma, magoti yakajaa plasta, na yule jirani akang'oa waridi zake akapanda nyasi.

Siku ikafika. Bi Mshono akavaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akapanda, akaondoka. Akampita muuza mboga, akapita kona ya kinyozi, na kinyozi akatoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakipiga makofi. Furaha ikampanda hadi utosini, akawa anacheka peke yake barabarani. Geti la wifi lilikuwa wazi, akaingia moja kwa moja. Wifi akabaki mdomo wazi, shuka la kukamua mkononi.

Hapo ndipo Bi Mshono alipokumbuka kwamba kusimama bado hajui. Akalizunguka tangi la maji, akalizunguka tena. Wifi akasema amekubali, yaishe, ashuke wanywe chai.

"Siwezi, wifi," Bi Mshono akasema akipita. "Mwaka huu niliahidi kuendesha. Kusimama ni kwa mwakani."

Wifi akatupa shuka, akapandisha gauni, akaanza kumkimbiza kuzunguka tangi huku machozi ya kicheko yakimtiririka. Alipomdaka kiunoni, mkono wa kulia wa Bi Mshono ukaruka kama kawaida yake kutafuta gurudumu, ukakamata kamba ya nguo. Kamba ikakatika. Mawifi wawili, baiskeli na mashuka ya wateja vyote vikaenda chini.

Chini ya mashuka Bi Mshono akajipapasa, yu mzima. Akapapasa baiskeli, nzima. Akauliza kwa sauti ndogo kama bado ni yake.

"Yako," wifi akasema. "Mimi ningeipeleka wapi? Sijawahi kupanda baiskeli hata siku moja. Nilikuwa nakuonea wivu tu, wifi yangu, wa kuthubutu kila mwaka."

Bi Mshono hakutegemea hilo. Akainuka, akaisimamisha baiskeli, akapangusa siti kwa pindo la gauni lake jipya. Wifi akaitazama, akamtazama yeye, kisha akaushika usukani kwa mikono miwili na kuuliza breki ziko wapi. Bi Mshono akamwambia apande kwanza, hilo la breki watamuuliza mumewe.